Amechelewa, amezembea au amekaidi? Uchambuzi wa deni moja la kikoba

Katiba ya kikoba hiki cha Mbagala, Dar es Salaam, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ina kurasa sita, na ndani yake mna vifungu viwili tu vinavyogusa deni lisilolipwa kwa wakati. Kimoja kinasema: "Mwanachama atakayechelewesha rejesho atatozwa faini ya Sh 5,000 kwa kila wiki." Kingine kinasema: "Mwanachama atakayekaidi kulipa deni lake atakatwa hisa zake zote na kufutwa uanachama." Katikati hakuna kitu. Katiba haisemi wiki ngapi zipite, nani atoe onyo, wala nani mwenye kauli ya kutamka kwamba sasa huyu si mchelewaji tena, ni mkaidi. Yote ninayoyaeleza hapa yalitokea kwenye pengo hilo.

Niliitwa kama mwalimu wa vikoba, baada ya friji la mwanachama mmoja kubebwa na kwenda kuhifadhiwa nyumbani kwa mwenyekiti. Wahusika sitawataja, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha wasitambulike. Hesabu nimeziacha, kwa sababu bila hesabu kisa hiki hakieleweki.

Mkopo wenyewe

Kikundi kina akina mama 24, wengi wao wafanyabiashara wa Rangi Tatu na mama lishe. Wanakutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Hisa moja ni Sh 5,000, mtu ananunua kuanzia moja hadi tano kwa wiki, na kila hisa inagongewa muhuri kwenye kitabu chake. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mkopaji, riba ni asilimia 10 ya mkopo wote, na lazima wadhamini wawili wasaini. Mwisho wa mwaka wanavunja kikoba, wanagawana, wanaanza mzunguko mwingine. Hakuna la ajabu hapo. Mizizi yake iko Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya wanawake vya Mata Masu Dubara, na huku kwetu mfumo huo ukapata jina la VICOBA (Village Community Banks).

Mkopaji nitamwita mama wa dagaa, kwa biashara yake. Alikuwa na hisa za Sh 400,000, akakopa Sh 1,200,000, yaani mwisho kabisa wa uwezo wake. Pamoja na riba deni likawa Sh 1,320,000, la kurejeshwa kwa miezi minne, Sh 330,000 kila mwezi. Alikuwa mwanachama tangu mzunguko wa kwanza na kitabu chake kilikuwa safi.

Rejesho la kwanza alilileta mkononi, likahesabiwa mbele ya watu, likaingia sandukuni. La pili lilimkuta Mwanza, alikokuwa amefuata mzigo. Ijumaa, siku moja kabla ya kikao, akamtumia mweka hazina Sh 200,000 kwa simu na ujumbe mfupi: "Dada naomba uniwekee hiyo, iliyobaki nikirudi." La tatu hakutuma kitu. Alituma sauti kwenye kundi la WhatsApp, akieleza kuwa magunia yamelowa mvua njiani na mteja wake wa jumla amekataa nusu ya mzigo. La nne halikuja, na sauti haikuja. Simu ikawa inaita haipokelewi, halafu ikawa haipatikani.

Zilipofika wiki 11 tangu rejesho la pili, kikao kikamtangaza mkaidi na kukata hisa zake zote. Kesho yake wanachama wanne wakaenda kwake wakachukua friji "mpaka atakapomaliza". Aliyewafungulia mlango ni mtoto wake wa kidato cha pili.

Daftari la katibu

Kitu cha kwanza nilichoomba ni daftari la mihtasari. Ni kauntabuku ya kawaida yenye jalada gumu. Katibu anaandika kwa kalamu ya bluu, na majina ya wenye madeni anayaandika kwa nyekundu. Nikalifuata jina la mama wa dagaa wiki kwa wiki, kuanzia Jumamosi ya rejesho la pili.

Wiki ya kwanza: "amechelewa". Wiki ya pili: "hajaleta". Halafu wiki tano nzima jina lake halimo, si kwa bluu wala kwa nyekundu. Hata ile sauti ya magunia kulowa haikuandikwa popote. Wiki ya nane na ya tisa: "anasumbua". Ya kumi: "anatuzungusha". Ya kumi na moja, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari mara mbili: "MDAIWA SUGU".

Kwenye WhatsApp mambo yalikuwa moto zaidi. Kaingia mitini. Katupiga chenga. Tumeingizwa mjini mchana kweupe. Mmoja akaandika kukopa harusi, kulipa matanga, na wengine saba wakaitikia kwa vikaragosi vya kucheka.

Ukiyasoma maneno ya daftari kwa mfuatano, unaona mahali yanapoacha kueleza deni na kuanza kumweleza mtu. "Amechelewa" na "hajaleta" unaweza kuyahakiki: chukua kalenda, fungua sanduku, utajua kweli au uongo. "Anasumbua" halihakikiki, linaeleza hali ya moyo ya aliyeandika. "Anatuzungusha" ni shtaka kabisa, kwa sababu mtu hawezi kukuzungusha kama hujamfuata. Anayezungushwa ni yule aliyekwenda akaambiwa njoo kesho, akaenda kesho akaambiwa mwenyewe katoka. Nikamuuliza katibu:

"Nani alikwenda nyumbani kwake akaambiwa arudi kesho?"

"Mwalimu, kwenda hatukwenda. Lakini si simu ilikuwa haipokelewi?"

"Kwa hiyo alikuwa hapokei simu."

"Ndiyo."

"Basi ungeandika hivyo."

Kuhusu "sugu" nina neno zaidi, kwa sababu limeenea mno. Tumelizoea kutoka kwenye matangazo ya kudai kodi za nyumba na bili za umeme na maji, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nayo imelitumia sana kwa wahitimu wasiorejesha. Sugu ni kitu kilichokomaa kwa kurudiwarudiwa, mfano kidonda au ugonjwa usiosikia dawa. Mtu mwenye deni moja, la kwanza kumshinda katika mizunguko mitatu, usugu umemjia lini? Benki, ambazo hakuna anayezisifu kwa huruma, zina adabu zaidi hapa. Benki ya biashara mkopo wake ukikaa siku 90 bila kulipwa inauita mkopo chechefu. Kinachochechemea ni mkopo, mkopaji hajapewa sifa yoyote. Tena angalia siku zenyewe: wiki 11 ni siku 77. Benki ingekuwa bado haijamfikisha kwenye uchechefu, kikoba cha majirani kilishamfikisha kwenye usugu na kumbebea friji.

Sasa neno lenye meno kuliko yote, "kukaidi", ambalo ndilo katiba ililolihitaji ili hisa zikatwe. Kukaidi ni kukataa agizo au wito uliokufikia. Lazima kwanza kuwe na agizo. Mama wa dagaa hakuandikiwa barua, hakuitwa kikaoni, hakutumiwa mjumbe. Alitukanwa kwenye kundi, hilo ndilo lililomfikia. Wanaotunga kanuni za kazi walilitambua suala hili mapema: Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, lenye kanuni za utendaji bora kazini, linautaja uzembe uliokithiri na ukaidi uliokithiri kama makosa mawili tofauti, na mtoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa ana mstari wake mwenyewe. Na kabla ya kumwadhibu yeyote kati ya hao, mwajiri lazima amsikilize. Kikoba si mwajiri, najua. Ila waliokaa kuandika kanuni zile walijua kwamba mchelewaji, mzembe na mkaidi hawatiwi kapu moja.

Laki mbili zilizokwama kwenye simu

Mama wa dagaa alipatikana kirahisi kuliko watu walivyodhani. Alikuwa amesharudi Dar, yuko nyumbani kwake, anatumia laini nyingine. Mmoja wa wanachama aliijua namba hiyo siku zote, hakuna aliyemuuliza. Nikaomba kikao cha dharura na kila kiongozi aje na simu yake.

Mama wa dagaa akafungua ujumbe wa muamala na kuupitisha mkono kwa mkono: Sh 200,000, Ijumaa, saa mbili na dakika kadhaa usiku, jina la mpokeaji ni la mweka hazina. Ukumbi wote ukamgeukia mweka hazina.

"Ni kweli iliingia," akasema.

Maelezo yake yalikuwa marefu na ninayaamini. Wiki hiyo alikuwa ametumia ile huduma ya simu inayokujazia salio ukitaka kulipa na pesa haitoshi. Alinunua dawa za mama yake, akabaki anadaiwa kama Sh 46,000. Huduma ile haikusubiri. Laki mbili za mama wa dagaa zilipotua tu, deni likajikata lenyewe. Zikabaki kama laki moja na hamsini na nne. Akaona aibu kupeleka sandukuni pesa pungufu, akaamua aijaze kwanza. Kesho yake akapata msiba Kigamboni, hakuhudhuria kikao. Wiki iliyofuata pesa ikawa imeshaingiliana na hela ya nyumbani, luku na nauli za watoto. Akajiambia Jumamosi ijayo. Halafu Jumamosi ijayo.

Mtu mmoja akapaza sauti: "Huo ni wizi, tuite jina lake!" Nilikataa, na nitaeleza kwa nini, maana baadhi ya waliokuwepo wanadhani nilimkingia kifua. Wiki ya kwanza alizembea: alipokea pesa isiyo yake kwenye laini anayojua ina deni. Wiki ya pili na ya tatu alikuwa anachelewesha, kwa maana ile ile ya katiba, tena kwa nia ya kulipa. Ila wiki ya kumi na moja alikuwepo kikaoni. Alimwona katibu akiandika "mdaiwa sugu" kwa kalamu nyekundu, anajua laki mbili za mtu huyo ziko wapi, akanyamaza. Hapo jina lake ni kuficha, na kwangu hilo ni zito kuliko ule uzembe alioanza nao. Katiba haina kifungu cha kuficha.

Isitoshe, mweka hazina huyo huyo alikuwa mmoja wa wadhamini wawili wa mkopo. Saini yake iko kwenye fomu. Aliyetakiwa kumfuatilia mkopaji ndiye aliyekuwa na sababu ya kutotaka mkopaji apatikane na kuulizwa.

Kosa hili lilipenya kirahisi kwa sababu ya njia liliyopitia. Sanduku la kikoba lina makufuli matatu, na funguo zake zinalala kwenye nyumba tatu. Mweka hazina analitunza sanduku lakini hana ufunguo hata mmoja. Pesa zikitolewa zinahesabiwa na wahesabu fedha wawili kwa sauti, na kikundi kizima kinaitikia idadi. Mfumo wote umejengwa ili mtu mmoja asiweze kuzembea, kusahau wala kutamani akiwa peke yake. Kisha ikaja simu, yenye namba moja ya siri na mwenyewe mmoja, na makufuli yote matatu yakazungukwa bila mtu kuvunja chochote. Kikundi kilikuwa kinapokea marejesho kwa simu kwa muda mrefu bila kuliandika hilo kwenye katiba. Kila kiongozi niliyemuuliza alisema "tulizoea tu".

Waliosaini na aliyeandika

Katibu nilimuuliza kuhusu wiki tano zilizo wazi. Jibu lake: "Sikuona cha kuandika." Huyu ni mwandishi mzuri, hati yake inasomeka, mahudhurio anayaandika bila kukosa. Lakini kwake daftari ni la kuandika yaliyotokea, na rejesho lisilokuja halikutokea. Kumbe "hajaleta" ikiandikwa wiki tano mfululizo ndiyo kengele yenyewe. Wanachama wangeiona, wangeuliza, na katika kuuliza laki mbili zingejitokeza wiki ya tatu badala ya ya kumi na moja. Hakuna aliyemwona katibu kuwa mzembe, kwa sababu anawahi kikaoni na hana deni. Kulegalega kwa aina hii hakupigi kelele.

Mdhamini wa pili alinijibu kwa ukweli ulionifurahisha: "Aliniomba nimdhamini, na mwaka jana yeye alinidhamini mimi. Ningekataaje?" Fomu aliyosaini inasema mdhamini "atafuatilia marejesho". Kutoka kwake hadi kwa mama wa dagaa ni mwendo wa miguu wa dakika chache. Hakwenda. Nilipomuuliza sababu, akasema kwenda kumdai rafiki ni kumvunjia heshima. Huku kumwandikia "katupiga chenga" mbele ya watu 23 halikuwa tatizo.

Sasa wachukue hawa watatu, mweka hazina, katibu na mdhamini, utafute katiba inawasemaje. Kuna sentensi moja: "Viongozi watatekeleza majukumu yao kwa uaminifu." Basi. Mwanachama akichelewa kikaoni anatozwa Sh 500 hapo hapo, kabla hajakaa. Katibu asipoandika kwa wiki tano, mweka hazina akikaa na laki mbili kwa wiki kumi na moja, hakuna faini, kwa sababu hakuna jina la kosa. Nimeona katiba nyingi za vikundi na karibu zote ziko hivi: zinahesabu shilingi na dakika za mkopaji, na kwa kiongozi zinaomba uaminifu.

Na mama wa dagaa mwenyewe

Asitoke hapa kama malaika. Mwezi wa tatu alitoa taarifa, sawa. Mwezi wa nne alizima simu, akarudi mjini kimyakimya, akawa anapita njia nyingine kwenda sokoni. Kwenye matusi yote ya WhatsApp, "kaingia mitini" lilikuwa la kweli. Nilipomuuliza, akasema:

"Mwalimu, mimi najua laki mbili zimefika. Nasoma kwenye kundi nimeandikwa sijalipa tangu mwezi wa kwanza. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Nikasusa."

Kususa namwelewa. Lakini mtu husuasua au kususa na kilicho chake. Sh 790,000 zilizokuwa zimebaki zilikuwa jasho la wenzake 23, na wengine walikuwa kwenye foleni ya mkopo wakisubiri hizo. Angetuma picha ya ule ujumbe wa muamala kwenye kundi, kisa kingeisha siku hiyo. Hakutuma kwa hasira, na pia, alikiri baadaye, kwa kuwa ile Sh 130,000 iliyobaki kwenye rejesho la pili hakuwa nayo na hakutaka kuulizwa. Kwa hiyo alichelewa, kisha akasusa, kisha akajificha. Kukaidi hakukaidi, maana hakuna aliyemwita akakataa kuja. Tulipomwita alikuja.

Friji na hesabu

Suala la friji nililimaliza kwanza na kwa maneno makavu. Dhamana ya mkopo ilikuwa hisa zake na wadhamini wawili. Friji halimo kwenye fomu, hakuna amri ya mahakama, na mwenyewe hakuridhia. Kuingia nyumbani kwa mtu, mkabeba kitu mbele ya mtoto, kukiitwa polisi mtajieleza nini?

"Kwa hiyo siku hizi dawa ya deni si kulipa?" mwenyekiti akaniuliza, si kwa utani.

"Ni kulipa, Mama Mwenyekiti. Mna kwa kulipia: hisa zake ziko kwenu, na wadhamini wake wamekaa hapa."

Nikawakumbusha pia kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya aina yao kwenye daraja la nne, na usajili na usimamizi wao uko halmashauri. Malalamiko ya mwanachama yana mahali pa kupelekwa, hayaishii kwenye kundi la WhatsApp. Friji lilirudi jioni hiyo kwa bajaji, nauli ikalipwa na wale wanne waliolibeba.

Hesabu ya kikundi ilikuwa hivi: deni Sh 1,320,000, limelipwa 330,000, limebaki 990,000; toa hisa 400,000, limebaki 590,000; ongeza faini ya wiki 11, Sh 55,000, jumla 645,000. Hesabu sahihi inaanza na laki mbili za simu. Pesa ikishapokelewa na mweka hazina, imepokelewa na kikundi. Yaliyoikuta baada ya hapo ni ya kikundi na mweka hazina wao, mkopaji hayamhusu. Deni likashuka hadi 790,000. Mama wa dagaa mwenyewe akaridhia hisa zake zipunguze deni, likabaki 390,000, na akabaki mwanachama.

Faini ilileta ubishi wa karibu saa nzima. Wengine walisema ifutwe yote. Nilipinga: rejesho la pili lilipungua kwa Sh 130,000 na mengine mawili hayakuja, huko ni kuchelewesha kwa kipimo chochote. Mwishowe wakasamehe zile wiki tano ambazo daftari halikuandika kitu, kwa hoja kwamba kikundi hakiwezi kutoza kwa wiki ambazo chenyewe kilisinzia. Hoja hiyo ilitoka kwa mama mmoja muuza mihogo ambaye hakuwa ameongea tangu kikao kianze, na sikuwa nimeifikiria. Zikabaki wiki sita, Sh 30,000. Jumla Sh 420,000, atalipa 30,000 kila Jumamosi kwa wiki 14, mkononi, mbele ya watu.

Mweka hazina alirejesha laki mbili kwa mafungu mawili. Kikundi kilipiga kura abaki na cheo hadi kuvunja kikoba. Hapo sikukubaliana nao. Sikutaka aaibishwe zaidi, lakini mtu aliyekaa kimya wakati mwenzake anaandikwa usugu asingekuwa tena mlinzi wa sanduku, hata kama makufuli ni matatu. Wao wanaishi naye, mimi nilikuwa mgeni. Kura yao ilisimama.

Vifungu vipya

Tuliandika upya sehemu ya madeni, na hapa nilisisitiza kila neno liwe na kipimo chake. Rejesho lisilofika sandukuni siku ya kikao limechelewa, hata kama sababu ni nzuri. Sababu nzuri inaweza kusamehewa faini, haibadilishi jina. Wiki ya pili mdhamini anakwenda nyumbani kwa mkopaji na kuleta jibu kikaoni, na jibu linaandikwa kama lilivyosemwa. Wiki ya nne mkopaji anaitwa kwa barua yenye saini ya mwenyekiti na katibu. Asipoitikia wito huo bila taarifa, au akitamka mwenyewe kuwa halipi, ndipo katibu ana ruhusa ya kuandika "amekaidi". Katibu mwenyewe akapendekeza kalamu nyekundu iachwe. Ukurasa wa "mdaiwa sugu" haukuchanwa, kwa sababu daftari la mihtasari halichanwi. Yameandikwa marekebisho kwenye ukurasa wa kikao kipya na pembeni ya ule wa zamani ikawekwa tarehe ya kuyatazama.

Kwa viongozi kikaingia kifungu ambacho hakikuwepo. Anayepokea pesa ya kikundi nje ya kikao anatangaza kiasi kwenye kundi siku hiyo hiyo na kuileta kikao kinachofuata. Akichelewesha, faini yake ni mara mbili ya mwanachama wa kawaida. Katibu asipoandika hali ya deni lolote kwa wiki mbili mfululizo, amezembea, faini Sh 5,000. Niliwashauri pia wafungue akaunti ya simu ya kikundi, zile zinazotaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe muamala. Wamesema watafikiria, tatizo ni kwamba wawili kati ya viongozi wana simu za vitochi na mmoja hubadilisha laini kila mara.

Kifungu kilichoshindikana ni cha wadhamini. Pendekezo lilikuwa kwamba mkopaji akifika wiki ya nne bila kulipa, hisa za wadhamini zianze kukatwa. Akina mama wengi walikataa wazi: sheria hiyo ikipita hakuna atakayemdhamini mwenzake, na asiye na mdhamini hakopi. Mdhamini wa mama wa dagaa alisema hata leo angesaini tena, kwa masharti ya zamani. Ajenda imesogezwa hadi mkutano mkuu wa kuvunja kikoba, na mpaka hapo mikopo inaendelea kutoka kwa saini zile zile mbili.